Wasitugawe

Jumapili, baada ya Isha

Bado wamenikaa kichwani wale mtu na mkewe, watumwa wa Amerika. Mjukuu wangu Salma kawasoma skuli, leo katusimulia. Mume aliuzwa shamba jingine, na kila Jumamosi akitembea usiku kucha kwenda kumwona mkewe. Aliposikia mke naye anauzwa mbali, wakatoroka pamoja. Walijificha msituni, wakala mahindi mabichi, mpaka wakafika kwa watu huru.

Nikasema mie ningembeba mke wangu, Bi Zuhura, mgongoni. Hapa mtaani kwetu Small Heath hakuna mzee mwenye miguu kama yangu.

Mwenyewe akacheka. "Weye? Ngazi zenyewe unashuka kwa makalio!"

Hapo mwanangu Abdalla akapata pa kuingilia. Ati kwa sababu ya ngazi, mie nihamie kwake mtaa wa Erdington, mama yake akae kwa binti yetu mtaa wa Stechford. Vyumba vyao havitutoshi sote wawili. "Ni karibu, baba. Mtaonana wikendi."

Wikendi! Sijifananishi na wale, mie sijapigwa mjeledi. Lakini nikaweka kikombe chini. Niliogopa Bi Zuhura atakubali, maana watoto wakisema neno yeye...

Akamaliza chai yake kwanza. "Abdalla mwanangu, mkitaka kugawana, gawaneni sahani. Huyu mbishi ni wangu."

Kabla ya Magharibi Abdalla alikuwa anateremsha kitanda chetu kutoka juu hadi sebuleni, tusipande ngazi tena, huku ananung'unika, na mie namwelekeza.