Jiwe la Kunolea

Ukingoni mwa mto Allier,
14 Novemba 1998

Kwa kaka yangu Ferdi,

Shikamoo, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Lyon, pamoja na wifi Korin na mwanenu Loïc. Je, kile kikohozi cha mtoto kimepungua? Mama anasema mpakeni mafuta ya kalunguyeye kifuani, hata kama wifi atacheka. Mimi sijambo kwa kutembea. Mama naye anatembea, ila hasemi sana.

Pole kwa msiba wetu. Usijilaumu kwa kuchelewa. Tulipopiga simu kazini kwako, aliyepokea alisema hamjui Ferdi yeyote. Tulikuwa tumekwisha kuzika ndipo Mjomba Gusti alipokumbuka kwamba huko kwa Wagajo, wenye nyumba za mawe, unaitwa Fernand, tukapiga tena. Baba alitutoka asubuhi, kahawa yake ikiwa bado ya moto.

Watu walikuja wengi, hata wale wa Alzasi aliogombana nao kwa sababu ya mbwa. Mjomba aliwachekesha kwa habari ya mwenye bucha wa Brioude, aliyenolewa kisu na baba mpaka akakata nyama pamoja na meza. Alikuwa katikati ya kicheko jina la baba lilipotaka kumtoka, akaziba mdomo kwa kofia. Unajua desturi yetu sisi Wamanushi, watu wa karavani. Jina la baba halitajwi tena hapa, nami sitaliandika. Mama ameacha kula kalunguyeye aliyepikwa kwa kitunguu saumu, kwa kuwa ndicho chakula baba alichokipenda. Wengine wakila, yeye hugeukia dirishani.

Vitu vyake navyo ilibidi vimfuate. Halmashauri imekataza moto katika uwanja huu wanakotupangisha nafasi za karavani, basi tuliivuta karavani ya baba na mama hadi ukingoni mwa mto na kuichoma pamoja na kitanda, makoti, na kile kigari cha kunolea visu alichokikanyaga kijiji hadi kijiji. Mama alisimama karibu mno, nikamvuta kwa shali. Tuliporudi, msimamizi wa uwanja alikuwa amekwisha kumpa mtu mwingine nafasi yao. Nilimweleza kwamba mama bado yupo. Akajibu kwamba nafasi hupewa karavani, si mtu, na kwamba yeye hapangishi majivu. Mjomba akamuuliza kama dada yake sasa akalale juu ya upara wa bwana msimamizi. Yule akasema tukiendelea na matusi atawaita polisi. Waliopewa nafasi ni watu wetu pia, maskini, wanaona haya hata kutusalimu.

Mama analala kwangu. Uwanja wenyewe utafungwa kabla ya Pasaka, wanataka maegesho ya duka. Mjomba alikwenda kuangalia vituo vyetu vya zamani, pale kwenye mierebi tulipokuwa tukikata fito za vikapu na kule nyuma ya kinu cha kusagia nafaka. Kote wamemwaga mawe makubwa ili gari lisiingie. Sijui tutakwenda wapi. Hakuna anayejua.

Sasa nifike kwenye lile uliloniomba. Barua yako ilifika siku moja kabla ya moto. Ulisema hutaki koti wala chochote kingine, unataka jiwe la kunolea tu, ili Loïc aliguse, ajue ametoka kwa watu gani. Ulisema shuleni umewaambia kuwa ninyi ni Wataliani. Nililia hapo, kaka, si kwa kukulaumu.

Jiwe haliungui. Majivu yalipopoa lilikuwamo, jeusi, zima, na lile bonde jembamba lililochimbwa na visu vya watu. Nililifunga katika aproni yangu, likanipasha moto tumboni. Kituo cha treni hakiko mbali. Lakini sikulituma kwako. Lipo mtoni, nimelitupa mimi.

Nitakueleza sababu, maana wewe hukuwapo, na mama hataki lisemwe tena. Katika juma lake la mwisho, baba aliniita nikiwa namenya viazi. Aliyatazama maganda, kisha akasema kwamba jiwe lile halikuwa lake. Lilikuwa la babu. Wakati wa vita, askari wa Kifaransa walipowafungia watu wetu nyuma ya seng'enge, babu alikuwa akinoa visu vya jikoni mwa kambi kwa jiwe hilo, na ujira wake ulikuwa maganda ya viazi. Kwa maganda hayo baba alikua. Dada yake mdogo hakukua. Hata kwamba alikuwa na dada sikuwahi kusikia.

Babu alipofariki, baba ndiye aliyetumwa kulitupa jiwe mtoni. Alifika majini, mkono ukakataa. Akalificha, baadaye akawaambia watu amelinunua. Basi maisha yake yote alizungusha jiwe la marehemu, na kila lilipotufika baya aliliona limetoka humo. Mwanangu alipofariki, yule nisiyemtaja, baba aliamini ni jiwe. Ulipotuacha ukaenda kuishi nyumbani kwa Wagajo, aliamini ni jiwe. Aliniambia, “Sidoni, usimpe Ferdi. Atalipenda kama nilivyolipenda mimi. Nimalizie nililoshindwa.”

Mimi sijui kama jiwe huua. Nadhani njaa ndiyo iliyoua, na baridi, na waya ule. Lakini aliniomba, na hakuwahi kuniomba kitu kingine. Nililiachia kwenye maji. Lilitoa sauti ndogo kama chura anaporuka. Sasa Loïc hana cha kugusa, nami sina cha kukupa badala yake. Mwambie haya, au usimwambie. Sina ushauri, kaka.

Mama anakusalimu. Mjomba Gusti anasema ukija uje na viatu vizuri, matope yamezidi. Mkumbatie mtoto, na umsalimie wifi.

Nami unikumbuke. Nitajeni mezani kwenu, kwa jina langu, sasa ningali hai.

Mdogo wako,
Sidoni