Kipande cha Baraka Hajapewa Mtu

Kamwene, Mama.

Nimekalia kigoda chako mlangoni pa stoo, na hii ni mara ya tatu naanza. Mara ya kwanza niliinuka kwenda kuangalia maharage jikoni, mara ya pili nilisikia gari barabarani. Unanijua. Ulizoea kusema jina la Tulizo ulinipa bure, bora ungeniita Upepo watu wajue mapema wanachokaribisha nyumbani. Basi Upepo wako leo ameketi. Sijui ataketi mpaka lini, kwa hiyo nisikilize haraka.

Baraka hakufika kukuzika. Tulisogeza maziko siku moja kwa ajili yake, mvua ya Kwaresima ikitunyeshea, na mimi nimesimama uani na simu mkononi. Ile namba yake ya Zambia iliacha kupatikana Neema wangu hajaanza shule, na sasa Neema yuko darasa la nne. Niliipiga hata hivyo. Mchungaji aliponitazama, nikamwambia aendelee tu. Nilikuwa na hasira na mdogo wangu, nilikuwa na hasira na wewe uliyekufa ukimngoja, na kwa kuwa huko uliko mambo hayafichiki, niseme tu kwamba nilikuwa na hasira na Mungu pia.

Kina mama wa kwaya walinishika mabega mmoja mmoja wakisema, "Mngojee Bwana, mwanetu." Nilitaka kuwauliza, nimngojee nikifanya nini? Mama yangu amengoja, na matokeo yake si haya hapa chini ya udongo? Lakini walikuwa wamekuja na kuni na unga, na mwenye adabu hagombani na mtu aliyembebea kuni. Nikasema ahsante.

Unakumbuka tulivyokuwa tunabishana wewe na mimi juu ya jambo hili? Mimi niko Makambako, kibanda changu cha chakula kinatazama njia panda, na hapana dereva wa Tunduma aliyekula wali wangu bila kuulizwa. "Unamjua kijana mrefu, ana kovu juu ya jicho, aliondoka na malori?" Jioni nakupigia, nakwambia leo tena hakuna. Na wewe unanijibu, "Wewe kimbiza malori yako, mimi namngoja Mungu." Neno hilo lilinikera, Mama. Lilinikera zaidi kwa sababu sikuwahi kukuona umengoja kwa kukaa. Kila kiangazi ulikuwa bondeni, kwenye vinyungu, zile bustani zetu za mabondeni, unalima sehemu yako na ukimaliza unavuka mfereji kulima kipande alichoachiwa Baraka na Baba. Viazi vyake ulivichimba mbali na vyako. Mbegu yake uliiweka kwenye kichanja chake.

Siku moja nilikuuliza, kama kweli unamngoja Mungu, mbona hutulii? Hukuinua hata kichwa. "Msimu ni wa Mungu, Tulizo. Jembe ni langu." Halafu ukaongeza, kana kwamba nimekuomba, "Na mimi simngoji Baraka. Namngoja Mungu, Baraka yumo humo humo." Niliona ni maneno ya mzee aliyekataa kuumia. Nilicheka, nikaenda kuwahi gari la Makambako.

Sasa sikia yaliyotokea. Baada ya msiba ndugu walikaa, na Baba Mdogo Lameck akasema kipande cha ng'ambo ya mfereji apewe mtu aliyepo. "Ardhi haimngoji mtu asiyejulikana aliko." Hakusema kwa ubaya, ana wanawe watatu na kiwanja kimoja. Lakini nilihisi wanakuzika mara ya pili. Nikasimama, mbele ya wazee, nikasema kipande hicho nitakilima mimi mpaka mwenyewe arudi. Wakatazamana. Wakakubaliana kwamba jambo hilo litaamuliwa siku ya kuweka msalaba kaburini, mwezi wa nane.

Nikaona nitawanyamazisha. Mwanzoni mwa mwezi wa sita nilimwachia shemeji yangu kibanda, nikapanda gari kuja hapa kwetu Mjimwema na jembe. Nilitaka mpaka siku ya msalaba kipande kiwe kimesimama kijani, waone haya. Mbegu zako kwenye kichanja zilikuwa bado hazijachipua, nikaziona zinanichelewesha, nikaenda kununua nyingine sokoni. Mama Aneth jirani alinikuta nimeinama bondeni. Akaniambia baridi haijapita, na inateremkia huku chini yote, na kwamba wewe hukuwahi kupanda ng'ambo ya mfereji mapema namna hii. Nikamjibu kwamba ndiyo maana umekufa unangoja. Alichukua ndoo yake akaondoka.

Viazi viliota, tena vizuri. Nilipiga picha nikaituma kwenye kundi la ukoo. Nilimtukuza Mungu kwa sauti kubwa kuliko ulivyowahi kunisikia, kwa sababu safari hii alikuwa ameenda kwa mwendo wangu.

Kisha asubuhi moja nikafungua mlango nikaona bonde lote jeupe. Sakitu, Mama, umande umeganda juu ya kila jani. Jua lilipopanda, majani yakalegea, yakawa meusi kama mboga iliyosahauliwa kwenye sufuria. Nilikaa juu ya tuta nikalia mpaka kamasi. Sikulia viazi. Nililia kwa sababu nimefanya kila kitu kwa nguvu zangu zote na nimekiua mwenyewe.

Nilienda kwa Mama Aneth kuomba msamaha. Akanipa chai, akaniuliza kama nimegeuza mbegu zako za kichanjani. Nikasema hata sikuzikumbuka. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Tukaja wote stoo. Kumbe kabla hujaugua ulikwisha kuzitandaza kwa ajili ya kiangazi hiki, za Baraka upande wake kama kawaida, zipate mwanga kidogo tu. Wakati mimi nazidharau, zilikuwa zinafanya kazi yake. Zilikuwa zimetoa machipukizi mafupi, manene, ya zambarau. Nilishika chipukizi moja nikasikia kama umenifinya sikio.

Basi nikangoja, na jinsi nilivyongoja usinicheke. Nilizibua mfereji mpaka kwenye matete. Nilibeba samadi kwa kichwa. Nilitengeneza ua pale mbuzi wanapopitia. Asubuhi nilikuwa naomba sala fupi, si nzuri, ungenikemea: "Bwana, nipo. Leo nifanye nini?" Sikusikia sauti yoyote. Niliona tu mfereji uliobaki. Na usije ukawatangazia huko kwamba nimekuwa mtulivu. Nilikuwa nachungulia simu kila saa, nilikuwa nagombana na mbingu njia nzima ya kwenda bondeni na njia nzima ya kurudi. Ila nilikwenda. Baridi ilipolegea, mimi na Mama Aneth tukapanda.

Siku ya msalaba ikafika kabla hakijatokeza hata kijani kimoja. Tuliimba, Mchungaji akaomba, msalaba wako umesimama vizuri, rangi nyeupe, jina halina kosa. Baada ya chakula Baba Mdogo akateremka bondeni na viatu vyake vya Jumapili, mimi nyuma yake. Matuta matupu. Alikwisha kuona ile picha, na majani yaliyoungua alikuwa amesikia habari zake. Akaniuliza viko wapi. Nikasema viko chini.

Nilidhani atacheka. Badala yake alichuchumaa, akatia kidole kwenye tuta, akafukua taratibu mpaka akagusa chipukizi. Akalifukia, akaupigapiga udongo kwa kiganja, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nadhani alikukumbuka, maana alikaa pale muda. "Haya," akasema. "Tutazungumza baada ya mavuno." Nilitaka zaidi ya hapo, Mama. Nilitaka aseme kipande ni cha Baraka milele. Nilipewa mpaka mavuno.

Nikarudi Makambako. Na juma lililopita, mchana, kibanda kimejaa, mkono wangu umo kwenye wali, simu ikaita. Namba ya nje. Mama, maneno ya kumwambia huyo mtoto nilikuwa nimeyaweka akiba miaka yote hiyo, makali kwa mpangilio. Akasema, "Dada?" Akasema namba amepewa na dereva mmoja aliyekula kwangu. Kwa hiyo malori yangu nayo yalifanya kazi, kumbuka hilo.

Halafu akauliza, "Mama yupo?"

Nilizima jiko. Nikamwambia. Nilisikia injini ya gari upande wake, kisha nikasikia mwanaume mzima akilia kama alivyolia siku ile aliyoanguka akapata kovu. Wateja wangu waliacha kula. Alipoweza kusema, aliuliza kwa sauti ndogo sana, "Na kile kipande changu, kapewa nani?"

Yale maneno yangu yote sikuyaona yalikokwenda. Nikasema, "Hajapewa mtu. Viazi vyako viko ardhini."

Akasema, "Nakuja, Dada." Lini, hakusema. Simu ikakatika, na tangu hapo namba ile nayo haipatikani.

Nikamwachia shemeji kibanda, nikaja huku. Viazi vimeota, Mama, mstari kwa mstari. Na mimi kila gari likipunguza mwendo nainuka. Naogopa. Naogopa ameona haya akageukia njiani, naogopa mavuno yatafika kabla yake na Baba Mdogo atakuja tena na viatu vyake. Ungekuwepo ungeniambia nani ninayemngoja. Najua. Najikumbusha, kisha gari lingine linapita nainuka tena.

Lala salama, mama yangu. Kamwambie Baba kwamba mfereji unapita maji. Mbegu ya kiangazi kijacho nitaichagua mimi, na ya Baraka nitaiweka kichanja chake, awepo asiwepo, na kama Baba Mdogo atakuwa na neno, aje aniambie nikiwa na jembe mkononi.

Baraka hajafika bado. Kesho asubuhi nashuka kumpalilia.

Mwanao,
Tulizo