Redio Ilikufa kwa Kosa Langu, Akafungwa Rafiki Yangu

Mpendwa Mama Gacheri, naomba unishike mkono kwa jambo ambalo hata mke wangu hajalisikia, nami ni mzee wa miaka hamsini na mitano, fundi wa redio mstaafu hapa Kaimosi.

Mwaka 1965, wakati wa vita vya shifta, waasi wa Kisomali wa kaskazini, nilitumwa Garissa kutengeneza redio za mawasiliano za vituo vya mpakani, nikapewa mwenzangu aitwaye Hared, mwenyeji wa mtaa wa Waberi pale Garissa aliyeijua kazi kuliko mimi niliyeisomea, na mpaka leo nikifumba macho naiona meza yetu karibu na dirisha, naisikia harufu ya lehemu ikichanganyika na chai ya maziwa ya ngamia aliyoletewa na mama yake, na jioni jua likilegea tulikuwa tukiteremka mtoni Tana tukibishana juu ya volti kama wengine wanavyobishana juu ya mpira, na sijapata rafiki kama yule, kabla wala baadaye.

Redio mpya za siku hizo hazikuwa na nyaya nyingi ndani, zilikuwa na ubao uliochapwa mistari myembamba ya shaba ya kupitisha umeme, na mstari ukikatika tuliuunga kwa rangi yenye unga wa fedha, kisha tukapima kwa mita ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme, ukiwa mdogo basi kazi imekwisha. Hared hakuridhika. Ulimi wake uligeuza p kuwa b, akaniambia, "Walaal," yaani ndugu, "hii kitu usibime ikilala. Bima ikifanya kazi." Akanionyesha kwamba redio ikirusha sauti dakika kumi, umeme unaupasha mstari moto, na pale rangi ilipopakwa nyembamba ukinzani unapanda, ukipanda joto linazidi, mpaka mstari unaachia, na ukipoa unashika tena kama mzima.

Siku moja ya mwaka 1966 Hared alikuwa msibani, nikaunga peke yangu mstari wa redio ya kituo cha mpakani cha Hulugho, nikaupima ukiwa baridi, ukasoma vizuri. Aliporudi akaniuliza, "Ulibima ikiwa moto?" Nikasema ndiyo, maana nilitaka kufunga mapema, naye kwa kuniamini akaifunga kifuniko na kutia sahihi yake.

Wiki iliyofuata Hulugho walituita kusema lori la unga lisimamishwe, barabarani kumezikwa bomu, na kabla hawajataja barabara gani sauti ikakatika. Dereva alipoteza mguu. Redio ikarudishwa, ikapimwa baridi, ikasoma vizuri, mkubwa wetu akasema, "Chombo ni kizima, basi kuna aliyekichezea. Sahihi ni ya nani?" Hared akachukuliwa mchana ule ule, Msomali pekee wa karakana. Nilipobaki peke yangu niliiwasha ile redio nikaipima kama alivyonifundisha, na dakika ya nane sindano ikapanda, sauti ikakatika, kwenye rangi yangu. Nikaifuta, nikapaka upya, nikaandika kwamba sioni kasoro.

Alizuiliwa miezi kumi na minne na kazi ya serikali hakuipata tena. Sasa, baada ya miaka ishirini na miwili, amenitumia kadi ya harusi ya bintiye Arbia, na nyuma yake ameandika, "Njoo walaal, wewe peke yako hukunitupia neno baya." Je, niende nikae kimya nisimharibie furaha, au nisiende kabisa?
Elkanah

Mzee Elkanah,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Uchungu wako ni wa kweli, na nakupa pole. Lakini umeniomba nikuchagulie kati ya kimya cha harusini na kimya cha nyumbani. Hicho ni kimya kile kile.

Uliiandika chai ya ngamia kwa mapenzi, na dereva ukampa maneno matatu. Alikuwa na jina. Litafute, na kama yu hai, utafika kwake pia.

Usijidanganye kwamba unailinda furaha ya Hared. Unajilinda wewe. Kila anayemwajiri amemwona kama mtu aliyewahi kushukiwa, na mwenye kuweza kumsafisha ni wewe tu.

Harusini usiseme neno, siku hiyo ni ya Arbia. Nenda wiki tatu kabla. Kwanza andika kila kitu kama ulivyoniandikia mimi: tarehe, redio, uongo uliomwambia, rangi uliyoifuta. Tia sahihi mbele ya wakili. Nakala moja ipeleke kwa wakubwa wa kazi yenu ya zamani, nyingine iwe ya Hared, aionyeshe kwa amtakaye. Mwambie mkeo kabla hujapanda basi, kwa sababu utakaporudi utahitaji mtu anayejua ulikotoka.

Ukifika kwake usianze na kumbukumbu za mtoni. Usiseme "mambo ya vita yalikuwa magumu." Sema, "Nilikudanganya, ukafungwa kwa ajili yangu." Kisha nyamaza. Usimwombe msamaha siku hiyo, maana utakuwa umempa mzigo mwingine wa kukujibu. Akikufukuza, ondoka kwa adabu.

Na ile kadi mrudishie mkononi. Aliyealikwa ni mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Hared akiisoma karatasi yako, kisha akakupa kadi tena, hapo utakuwa umealikwa wewe.