Miti ya Banda la Mbuzi

Etobicoke, Toronto

Mdogo wangu Nicolaus,

Hatujambo, ila theluji imetuchosha. Mwanangu Calvin anakusalimu, kwa Kiingereza chake kilekile.

Picha ya banda lako jipya la mbuzi nimeiona. Ni zuri. Lakini ile miti naijua, Nicolaus. Ina weusi wa maji hadi katikati. Si ndiyo ule uzio aliouchomeka baba mtoni, ili tuteke maji mamba wasitufikie? Umeung'oa? Usiniambie mamba wamehama. Tangu lini?

Mwanao Brightness amesimama pembeni ya banda, anacheka. Nimeikuza picha. Sketi yake imelowa hadi magotini.

Rudisha miti mtoni leo hii. Mbuzi walale nje.

Dada yako,
Leokadia