Chupa ya Szentesi

Lyon,
Jumatatu, 12 Machi 1984

Mdogo wangu mpenzi Clothilde,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepata nafuu baada ya baridi kupungua. Mimi sijambo, isipokuwa mkono wa kulia umevimba kama andazi. Shemeji Honoré msalimie sana. Soseji alizonitumia zilifika salama, nimezila mpaka nikajionea aibu.

Najua habari zimeshafika huko Saint-Étienne kwamba kaka yako, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na mmoja, amempasua mtu pua ndani ya sinema. Ni kweli. Nilimpiga Fulbert, yule mfamasia, ngumi tatu. Ya kwanza ilivunja miwani, ya pili pua, ya tatu sijui ilitua wapi maana walikuwa wameshanikamata. Damu ilimchuruzika mpaka kwenye viatu. Usinilaumu kwanza, nisikilize.

Unalijua kundi letu la Alhamisi. Tukitazama filamu za hawa waongozaji wenye akili nyingi, kazi yetu ni kuwinda salamu, yaani pale mwongozaji anapoiga kwa siri kipande cha mkubwa aliyemtangulia, ili wajuao wajue. Anayewahi kulitaja jina la huyo mkubwa hunywa divai bure. Ujinga mtupu, lakini miaka ishirini nimekunywa bure mimi, na kile kijitabu changu cha waongozaji waliosahauliwa wanakisoma kama Biblia.

Alhamisi iliyopita ililetwa filamu ya mwongozaji Kerlann, ile aliyoigiza mwanao Bastien. Mapema tu nikakamata salamu mbili. Fulbert akanuna, akasema wazee wengine wangekaa nyumbani wakapasha miguu moto. Nikamwambia wivu utamtia vidonda vya tumbo. Tukacheka.

Kisha ukaja ugomvi wa baa. Wallahi sikujua kama kipande kile kilichomtoa Bastien jicho wamekiacha ndani! Jamaa ananyanyua chupa, anamtandika nayo Bastien usoni. Chupa za filamu hutengenezwa kwa sukari, wajua, hazimkwaruzi hata mtoto. Ile ilikuwa ya kioo. Nilimwona mpwa wangu akianguka, ameshika jicho, damu inapita katikati ya vidole, anapiga kelele ambazo si za kuigiza, na kamera imemkodolea tu. Mimi nimeganda. Hapo Fulbert akaruka juu akipaza sauti kwamba hiyo ni salamu kwa Szentesi. Ukumbi mzima makofi! Wakanigeukia, eti haya mzee, leo umepitwa. Basi nikampiga.

Szentesi ni Mhungaria ambaye filamu yake pekee iliteketea kwa moto kabla ya vita. Katika kijitabu changu nimeeleza jinsi mwigizaji wake alivyopigwa chupa ya kweli usoni, akasimama akicheka bila hata mkwaruzo.

Kesho yake nilikwenda kwa Bastien. Wewe alikwambia kwamba chupa zilibadilishwa kwa bahati mbaya. Alikudanganya, asikuumize. Kerlann alikuja kwake na kijitabu changu mfukoni, akamwonyesha ukurasa, akamwomba wafanye vilevile, na mwanao akakubali mwenyewe. Alikubali kwa ajili yangu, Clothilde. Alitaka nikae ukumbini, nimwone, niwe wa kwanza kulitaja jina la Szentesi. Akaniuliza kama niliwahi. Na analijutia jicho lake kana kwamba amelipoteza kwa uzembe. Anasema kosa ni lake, Mjomba, aligeuza uso vibaya, kwani mwenzake wa Szentesi mbona alisimama?

Halafu akanipa habari njema, kwake yeye ni njema. Jumanne ya wiki ijayo, tarehe 20, Kerlann anapiga picha za kipande kingine kutoka ukurasa uleule, cha mtu anayeruka kutoka ghorofa ya tatu mpaka kwenye ua wa mawe, anatua kwa miguu, anakimbia. Bastien amesema safari hii hatakosea.

Sasa nisikilize vizuri, na ukae chini. Kile kipande cha chupa hakikuwahi kuwapo. Filamu ya Szentesi sijaiona, na hakuna aliye hai aliyeiona. Miaka kumi na miwili iliyopita Fulbert alinibana mbele ya watu nitaje japo kipande kimoja, nami nikatunga palepale, maana sikutaka kuaibika. Waliposhangilia, nikatunga na kile cha ghorofa, kisha nikaviandika vyote kijitabuni. Jicho la mwanao nimelitoa mimi. Na Fulbert maskini nimempiga kwa sababu aliniamini.

Utauliza kwa nini sikumwambia Bastien. Nilishindwa. Alikuwa ananitazama kwa furaha na lile jicho lililobaki, nikaishia kumwambia awe mwangalifu. Jana nikarudi, nikafika mpaka mlangoni, nikamsikia ndani anaruka kutoka juu ya meza, anatua, anapanda tena. Nikashuka ngazi kimyakimya. Mwoga mkubwa mimi.

Kerlann nimempigia simu leo, nikakiri yote. Alicheka. Alisema ni vizuri zaidi, basi hiyo itakuwa salamu kwangu mimi. Nilimtukana mpaka akakata.

Kwa hiyo umebaki wewe. Panda treni uje kwa Bastien mara upatapo barua hii. Msomee yote, hata ninapojidhalilisha, na akibisha mwonyeshe mwandiko wangu. Mwambie miguu ya yule mtu haikuvunjika kwa kuwa hakuwa na miguu. Mwambie hakuna aliyeruka.

Wasalimie jirani zako na watoto wa Honoré wote. Kama hutataka kuniona tena, nitakuelewa, ila usichelewe treni.

Ni mimi kaka yako,
Anselme