Gitaa Ndani ya Redio ya Afande

Kasese

Yaya Masika, dada yangu mkubwa mpendwa,

Kabla sijasema lolote, goti la Mama linaendeleaje? Ile dawa ya masista ilimsaidia, au bado anapanda kilima cha kanisa kwa kupumzika kila hatua? Na kahawa ya Baba Mdogo imeiva? Nakusalimu wewe na nyumba nzima ya Butembo. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imechoka, na imechoshwa na upuuzi wa watu, jambo linaloudhi kuliko njaa.

Najua wale mama wanaokuja na maharage soko la Mpondwe, hapa mpakani, wamekwisha kukuletea habari kwamba mdogo wako amefungwa na wanajeshi kwa ujasusi. Sikufungwa. Ila nilikaribia, na ninaandika ili Mama alisikie jambo hili kutoka kwangu, si kutoka kwa watu wanaoongeza chumvi mpaka chungu kinapasuka.

Chanzo ni waya. Unaukumbuka waya wa gitaa niliokuja nao? Ni mfupi, umeungwa kwa risasi ya kuchomelea mara nyingi, lakini ni waya wa kweli: ndani una uzi mmoja, na juu ya uzi huo zimesukwa nyuzi za shaba za kuzuia makelele. Kwa waya ule gitaa langu linalia safi, zile sauti za juu zinakata kama kisu, na hiyo ndiyo sababu niliajiriwa katika bendi hii. Sasa Patroni wetu, mwenye vyombo vyote, alikwenda Kampala akamwona mpiga gitaa akitembea katikati ya watu. Akarudi na ugonjwa. Tangu siku ile mimi ni lazima nitembee. Kwenye harusi niende mpaka kwa wazee, niwapigie usoni, watutunze vizuri.

Nikamwambia basi tafuta waya mrefu wa gitaa. Yeye akaenda dukani akanunua waya wa taa, ule wa kufungia balbu, akauunga. Tulipouwasha ulinguruma kuliko jenereta, na mara spika ikaanza kusoma taarifa ya habari. Waya mtupu usiofunikwa hudaka kila kitu kinachopita hewani. Tukaazima mrefu mwingine, huu wa kweli, toka kwa bendi ya Fort Portal. Makelele yakaisha, lakini na ukali ukaisha, gitaa likawa kama mtu anayeimba amejifunika blanketi. Nikamweleza Patroni kwamba waya ukizidi urefu unakula sauti za juu.

"Waya haina meno," akanijibu. "Itakula namna gani?"

Na haya yote, Yaya, katika mji unaoishi kwa shaba. Treni zinaondoka hapa zimejaa shaba, na mimi nakosa uzi wake wa urefu wa kitanda.

Ndipo akaingia fundi wa redio, anayekaa nyuma ya kituo cha teksi. Fundi huyu alitengeneza kitu ndani ya mkebe wa majani ya chai: redio ndogo inayosema badala ya kusikia. Mkebe unafungwa kwenye mkanda wangu, gitaa linachomekwa humo, na waya mwembamba unaning'inia mguuni kama kamba ya mbuzi aliyetoroka. Sauti inaruka hewani, inaingia katika redio iliyowekwa juu ya spika, na watu wanacheza. Tulipojaribu, ilifanya kazi. Ilikwaruza, na nikigeukia ukutani ilipotea, lakini ilifanya kazi. Nikamwuliza fundi, na mwingine mwenye redio je, hasikii?

"Harufu ya nyama hufungii mulango," akasema. "Anayesikia, asikie."

Nikakataa. Hapa karibu na mpaka askari wamejaa barabarani, na mtu akionekana na mtambo wa kurusha sauti, hata mwenyeji hatapona, sembuse mimi niliyetoka ng'ambo na karatasi ya kukaa imekwisha muda. Patroni hakupandisha sauti. Alisema tu: "Sawa. Nitapata mutu mwingine ya gitaa. Na ile karatasi yako, utaenda mwenyewe kwa chifu." Anajua chifu hanisikilizi bila yeye. Nikafunga mkebe kiunoni.

Harusi ilikuwa Karambi, juu ya Bwera, mchana wa jua kali. Nyumba ya bibi harusi ni ya mama mmoja mjane, Mama Biira. Nilitembea, watu wakacheka, wazee wakainuka, Patroni akawa anatabasamu kama yeye ndiye anayepiga. Nilikuwa naanza kuamini labda mimi ndiye mjinga. Kisha watu wa upande wa barabara wakanyamaza, nikaona wanajeshi wameingia uwanjani, na mkubwa wao amebeba redio mkononi. Walikuwa kwenye kizuizi cha barabarani wanasikiliza mpira redioni. Gitaa langu lilikuwa limekaa juu ya mpira.

Niliacha kupiga, redio yake ikanyamaza. Nikataka kulivua gitaa, kidole kikagusa uzi. Redio ya afande ikalia.

"Nani iko nasema ndani ya redio yangu?" akauliza.

Patroni, mwenye wazo, mwenye vyombo, aliyenitishia karatasi, akasema bila kupepesa: "Afande, hiyo kitu ni ya huyu. Sisi hatujui." Fundi alikuwa amekwisha kuketi katikati ya wageni na sahani ya mtu mwingine mkononi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimefungwa kwenye mkanda kabisa.

Afande akashika ule waya wa mguuni. "Wewe nasema na nani ng'ambo ile? Kipande ya kukaa iko wapi? Wewe mutu ya wapi?"

Ningefungua mdomo, Kiswahili changu cha Butembo kingenipeleka moja kwa moja kambini, na wewe unajua wanaopelekwa huko hawarudi na habari. Niliogopa, Yaya. Niliogopa mpaka nikasahau hata sala ya Salamu Maria ilipoanzia.

Ndipo Mama Biira akatoka jikoni, mikono imejaa majivu, akaja polepole mpaka mbele ya bunduki.

"Afande, huyu ni mutoto yangu. Ya tatu. Anapigia dada yake harusi."

Afande si mtu wa milima hii. Akamwangalia mama, akaniangalia mimi, akaona amepata njia ya kutunasa. Akamvuta mama mpaka nyuma ya ghala, akamwuliza majina ya watoto wake huko, akarudi peke yake.

"Jina yako?"

"Masereka," nikasema, si Kasereka, kwa namna wanavyolitamka huku.

"Wakubwa yako wanaitwa nani?"

Unacheka sasa, nakusikia. Nani katika watu wetu angeshindwa? Wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu mimi. Mungu awape raha ya milele wazee wetu waliopanga watoto waitwe kwa zamu ya kuzaliwa, mpaka nyumba zote za mlima huu, upande wenu na upande huu, ziwe na majina yale yale. Kama mama yule angezaa mapacha mwanzoni, na majina yao ya pekee, leo ungekuwa unaniombea misa. Niliyataja, nikasubiri. Afande akaonekana kukasirika kwa kukosa kosa.

Akaung'oa mkebe kiunoni mwangu, akaukanyaga mpaka chai ya zamani ikatoka kwenye pembe. "Piga na waya," akaniamuru, "nikuone." Nikafunga waya wangu mfupi, nikasimama ubavuni mwa spika bila nafasi hata ya kugeuka, nikapiga. Lililia, Yaya, lililia safi kama zamani. Wanajeshi wakala nyama wakaondoka. Na wazee ambao Patroni alitaka niwafuate, wao wenyewe wakainuka wakaja pale waya unapoishia, Mama Biira mbele yao akicheza na majivu yake mikononi.

Baadaye nilikwenda jikoni kumshukuru. Nilimwambia, Mama, umejihatarisha kwa mtu usiyemjua. Alikuwa anasugua sufuria, hakuiacha. Alisema kwa Kikonzo chetu kwamba Masereka wake, mwanawe wa tatu, alitoka asubuhi moja kwenda Kasese kununua sabuni, na tangu hapo hakuna aliyemwona. "Katika uwanja huu hakuna mtu aliyeitika jina hilo mpaka leo," akasema. "Nimesema, na mtu ameitika." Kisha akaniambia Jumapili baada ya misa nije kula. Ninakwenda kila Jumapili, na nikichelewa ananigombeza.

Unadhani Patroni ameona haya? Juzi alikuja na fundi, wana mkebe mwingine, wa kakao safari hii. Wanasema huu utasema kwa sauti ya chini. Nikaurudisha mkebe mikononi mwa fundi. Patroni hajanifukuza, kwa sababu watu wa Bwera wanaoita bendi wanamtaka yule wa waya mfupi, na kwa chifu siku hizi ananipeleka Mama Biira.

Basi nina ombi. Ukimpata mfanyabiashara anayetoka Bunia, ninunulie waya wa gitaa. Uukunje kwanza uone kama ni laini, uhakikishe una zile nyuzi za shaba zilizosukwa, na asikudanganye kukuuzia mrefu. Nataka mfupi.

Msalimie Baba Mdogo, mwambie kahawa asiiuze mbichi. Msalimie shemeji, na shangazi wa Oicha aliyesema gitaa ni kazi ya walevi. Sasa amepata la kusema mwaka mzima. Watoto wako uwabusu.

Mama msomee barua hii pole pole, ukifika kwa wanajeshi mshike mkono. Uliwahi kuniandikia kwamba jioni akifunga kuku huniita kwa kusahau, Kasereka, kana kwamba niko nyuma ya nyumba. Mwambie aendelee kuniita. Nitavuka mpaka nije nyumbani kabla ya Krismasi, karatasi ipatikane isipatikane. Mama mmoja wa kumngoja Masereka anatosha.

Mdogo wako asiye jasusi,
Kasereka