Njia ya Lwakhakha kwa Daftari Lako

Mpendwa Senge, shangazi yangu,

Tumefika Lwakhakha. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kuambiwa, lakini Mama alipiga simu kabla sijashuka kwenye baiskeli, kwa hiyo wewe ni wa pili. Nisamehe.

Siku ile ya kugawa vitu vyako, baiskeli yako ilisimamishwa mbele ya watu pamoja na sufuria na blanketi. Baba Mdogo aliitaka ya kubebea magunia ya mahindi. Mimi nilisimama nikasema naiomba. Watu walicheka. Baba hakucheka. Alisema nimwongoze kutoka Kitale mpaka Lwakhakha kwa siku tatu, ile safari uliyoniahidi kabla ya kuugua, naye atanifuata nyuma kwa baiskeli yake bila kunionyesha njia. "Ukiweza, ni yako. Ukinipoteza, inabeba mahindi."

Nilingoja likizo. Nilijitayarisha ulivyonifundisha, nisitegemee kitu kimoja. Nilipakua ramani kwenye simu ya Baba ili ifanye kazi hata pasipo mtandao. Nilienda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikachapisha nyingine, nikaifunga kwa nailoni. Na nilibeba daftari lako uliloandikia njia hii.

Ile ya karatasi ilikuwa na barabara kubwa tu. Simu ilijua kila kijia, lakini haikujua matope. Daftari lako lilijua miguu yangu. "Hapa shuka usukume, usijidai." "Kisima, maji matamu." "Mashine ya kusaga yenye bati jekundu, wanachaji simu." Nilikuwa nasoma kwa sauti huku nacheka, na Baba kutoka nyuma akauliza, "Ati unaongea na nani?" Nikasoma mstari uliofuata. Alijua.

Siku ya kwanza tulilala Ndalu kwa yule rafiki yako wa kwaya. Alikaanga kuku, akatuombea, na akalia aliponiona na baiskeli yako getini.

Siku ya pili ndiyo ninayotaka kukuambia vizuri.

Simu ilituonyesha njia ya mkato ya kwenda Bungoma, nami nikaifuata kwa sababu ilikuwa fupi. Ilitufikisha mtoni, mahali ambapo daraja la miti limechukuliwa na maji. Baba akashuka, akatazama maji, akanitazama mimi. "Haya, kiongozi. Tuvue viatu ama tungoje kiangazi?"

Tulifuata ukingo wa mto mpaka tukakuta njia nyingine. Mzee mmoja alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikamsalimu, nikamuuliza, "Mzee, hii ndiyo njia ya Bungoma, si ndiyo?" Akatabasamu. "Eeh, ndiyo, mama. Endeni tu."

Tukaenda. Miwa kushoto, miwa kulia, karibu saa nzima. Kisha miwa ikaisha, nikaona Mlima Elgon. Ulipaswa kuwa upande wangu wa kulia. Ulikuwa mbele ya uso wangu.

Hapo nikakumbuka siku tuliyoenda kununua miche ya kabeji tukapotea, tukakaa kando ya barabara tukala mahindi ya kuchoma, ukaniambia: "Mtu wa kwetu ukimuuliza kama hii ndiyo njia, atakuambia ndiyo. Hataki kukuvunja moyo. Muulize njia iko wapi, halafu nyamaza." Yule mzee hakunidanganya, Senge. Alikuwa ananipa nilichoomba.

Baba alikuwa hajajua. Alikuwa anaimba huko nyuma. Ningeweza kukata kona kwenye njia panda iliyofuata, polepole, na asingejua kamwe. Nilifikiria hivyo, sitakuficha. Kisha nikafunga breki.

"Baba, nimetupoteza."

Alijipangusa jasho. Akauliza, "Unajua dada yangu alinipoteza mara ngapi tukiwa vijana? Na hakusema hata siku moja! Aliniambia ati tunatembelea mashamba." Akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Halafu kicheko kikageuka, akafunika uso kwa kofia. Sikuwa nimemwona akilia, hata siku tuliyokuzika. Nilikaa karibu naye. Nikampa maji.

Alipoinuka hakutaja baiskeli. Nikajua basi, ni ya mahindi.

Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akipalilia maharagwe. Nikamuuliza, "Mama, njia ya Bungoma iko wapi?" Nikanyamaza. Alitutazama kutoka kichwani mpaka kwenye magurudumu. "Huko mlikotoka! Si mmeipita kitambo, bana." Tulirudi. Tuliingia Bungoma jua likiwa bado liko juu kidogo.

Jana tulipita Malakisi, tukala zile chapati nene ulizoandika. Bado ni nene. Jioni tukafika Lwakhakha, Mama akapiga simu, na nilipomaliza kuongea naye nikamkuta Baba ameazima spana kwa fundi wa kando ya barabara. Alikuwa anashusha kiti cha baiskeli yako.

"Nimekuona ukikanyaga pedali kwa vidole siku tatu," akasema. "Njoo ukalie, tupime."

Nikakalia, Senge. Miguu yangu ilifika.

Asante kwa kuandika kila kisima. Asante kwa kunifundisha nikiwa bado naogopa lori. Nimeandika kwenye daftari, kwa kalamu nyeusi ili isichanganyike na yako ya bluu, kwamba daraja limekwenda na maji na mtu azungukie wapi.

Kesho tunaanza kurudi. Nakuahidi nitazijaza kurasa zilizobaki, na nitaandika vizuri, hata pale nilipokosea, ili mwingine apite. Pumzika sasa. Huku mbele nitaangalia mimi.

Wako,
Nafula